Baiskeli Chini ya Magunia

"Baba alikupa baiskeli uipande. Hakukupa uibebe begani kama mtoto mwenye surua!"

"Nimeipanda siku sita, Tahir. Leo inapumzika," alisema Ussi.

"Chuma hakipumziki."

"Chuma cha nani? Cha baba yangu au cha baba yako?"

Chuma kilikuwa cha baba yake Tahir, na hilo ndilo lililokuwa likiwagombanisha tangu asubuhi. Tahir alimgeukia Hemedi, aliyeketi kwenye kivuli cha stesheni ya Bububu akimenya chungwa la tatu.

"Na wewe sema neno."

"Neno langu ni kwamba matako yananiuma," alisema Hemedi. "Kama gari la moshi lina ubao wa kukalia, mimi nimo. Wewe na shemeji yako malizaneni."

"Si shemeji yangu!"

"Bado," alisema Hemedi, akatema kokwa.

Watatu hao walitoka Mafia. Mwaka ulikuwa 1907, Mafia iko chini ya Mjerumani, na Unguja ina Sultani wake na Mwingereza wake, kwa hiyo walikuwa nchi ya ugenini hasa. Forodhani waliandikwa majina matatu matatu wakaulizwa wamekuja kununua nini. Tahir alijibu kwamba hawakuja kununua kitu, wamekuja kutembea kwa baiskeli. Karani alimtazama mara mbili, akaandika kwamba wamekuja kununua baiskeli.

Tahir alikuwa mtoto wa Mzee Jabir wa Chole, kisiwa kimojawapo cha Mafia, mwenye mashamba ya minazi, mtu wa ukoo uliotoka Omani tangu enzi za babu wa babu yake. Hemedi alikuwa mshona kanzu, jirani yao, aliyesoma chuo kimoja cha Kurani na Tahir. Ussi ndiye aliyeongezwa katika safari. Alikuwa fundi wa vyombo vya baharini kutoka Bwejuu, kisiwa kidogo cha wavuvi jirani na Chole, na miezi miwili nyuma mjomba wake Shaibu alikuwa amepeleka posa kwa Mzee Jabir akimposea Saleha, dada yake Tahir.

Mzee Jabir hakuwa na sababu ya kukataa ambayo angeweza kuitamka. Ussi alikuwa anaswali, anajua kazi yake, hana ugomvi na mtu. Ila yake ilikuwa moja, kwamba wazee wake walikuwa wavuvi na si wenye mashamba, na Mzee Jabir aliona haya kulisema hilo mbele ya Shaibu, ambaye alisimama naye safu moja msikitini kwa miaka ishirini. Basi akatafuta mlango wa uani. Alikuwa na baiskeli tatu, za kwanza kuonekana Chole mikononi mwa mtu asiye Mzungu.

"Tahir na Hemedi wanakwenda kutembea Unguja," alisema. "Ussi aende nao, na achukue baiskeli yangu mwenyewe. Ikirudi nzima, tutazungumza habari ya Saleha. Isiporudi nzima, tusizungumze tena."

Kila mtu alielewa. Ussi hakuwa amekanyaga pedeli maishani mwake. Alijifunza kwa siku nne juu ya mchanga maji yakiwa yametoka, na kila alipoanguka aliangukia upande wa kushoto, makusudi, ili mnyororo usiingie mchanga. Siku ya tano walisafiri.

Tahir alikwenda kama rafiki na kama jicho la baba yake. "Mtazame," Mzee alimwambia, "kisha uniambie ulichokiona."

Alichokuwa amekiona mpaka kufika Bububu hakikumpendeza. Walikuwa wamekwenda hadi Mkokotoni na kurudi, katikati ya mikarafuu na mashamba ya muhogo, na watoto wa kila kijiji wamewakimbilia wakipiga kelele. Tahir alitaka mbio. Ussi alishuka kwenye kila kijito akaibeba baiskeli mabegani. Kila jioni, wenzake wanakula, yeye alikuwa anafuta mnyororo kwa kitambaa na mafuta ya nazi. Tahir aliona anasafiri na mtu anayeogopa mchanga, na mtu kama huyo hakumwona akiwa mume wa dada yake. Sasa zilibaki maili saba tu kufika mjini, barabara nzuri kuliko zote, na Ussi anataka kuzimaliza ndani ya gari la moshi.

"Panda wewe," alisema Tahir mwishowe. "Mimi nitafika kwa miguu yangu, na baiskeli yangu haiingii humo."

Gari likaja. Lilikuwa dogo kuliko walivyolidhani, na kelele zake kubwa kuliko walivyozidhani. Kichwa kilikuwa cheusi, mikanda ya shaba imesuguliwa hata unajiona, na mvuke ulitoka ubavuni kwa mkoromo wa mnyama aliyeshiba. Hemedi alirudi nyuma hatua tatu. Ussi alisogea mbele. Aliinama akachungulia chini, akazunguka upande wa pili, akaonekana tena na masizi kwenye kanzu.

"Waliotengeneza kitu hiki hawakubahatisha hata msumari mmoja," alisema. "Kila kipande kinajua kinamsukuma nani."

"Ni birika lenye magurudumu," alisema Tahir. Lakini naye alikuwa anatazama.

Behewa la mizigo lilikuwa tupu. Ussi alikataa kusaidiwa na hamali, aliingia mwenyewe. Fundi wa vyombo anajua kupakia hata akiwa usingizini: kilicho juu hutupwa na mawimbi, kilicho pembeni hulowa, kwa hiyo kitu cha thamani hulazwa chini kabisa, katikati, kikafungwa. Ndivyo alivyozipakia baiskeli zote tatu katika jahazi kutoka Mafia, zikafika kavu, bila mkwaruzo, hata Tahir akamsifu. Aliilaza ya Mzee Jabir sakafuni, katikati ya behewa, akaifunga kwa kamba ya makumbi pande nne.

Hemedi aliiegemeza yake mlangoni, wima, akapitisha kamba mara moja.

"Itaanguka hiyo," Ussi alimwonya.

"Ikianguka itaamka."

Ng'ambo ya barabara palikuwa na muuza kahawa. Hemedi aliuliza gari linaondoka lini. Ussi alimshangaa.

"Mzigo wetu si umo ndani? Litatuachaje?"

Wala Tahir hakuona kosa katika maneno hayo. Kwao hakuna nahodha aliyewahi kutweka tanga na mzigo wa mtu umo chomboni na mwenyewe yuko nchi kavu. Utatafutwa mpaka nyumbani, utatukanwa kwa jina lako na la mama yako, lakini utangojwa. Wakavuka barabara, wakaagiza kahawa. Gari likapiga mluzi.

"Wanaita watu," alisema Hemedi, akipuliza kikombe. "Huo wa kwanza."

Haukuwapo wa pili. Mtu wa gari akatikisa bendera, magurudumu yakagonga, na baiskeli ya Mzee Jabir ikaanza safari ya kwenda mjini bila Ussi.

Ussi alikimbia mpaka mwisho wa jukwaa akasimama, mikono kichwani. Tahir alimpita kwa kasi akiwa tayari juu ya baiskeli yake.

"Ruka nyuma! Ruka, bwana we!"

Ussi akarukia keria.

"Nendeni!" alipiga kelele Hemedi, kikombe mkononi. "Mimi nitakuja kwa punda!"

Barabara ilikwenda sambamba na reli. Moshi ulionekana juu ya minazi, mara karibu, mara mbali. Tahir alikuwa mrefu na mwenye nguvu, lakini kumchukua mtu mzima mgongoni si mchezo, na baada ya maili moja pumzi ilikuwa inatoka kama mvukuto.

"Mzito wewe! Unakula mawe?"

"Shuka, nishike mimi."

Wakabadilishana bila kusimama vizuri, na Tahir akajikuta nyuma, ameshika kiuno cha Ussi, anapepesuka. Mtu aliyeibeba baiskeli kwenye kila kijito alikuwa ameinama juu ya usukani kama mwizi. Alipita kwenye mchanga. Alipita kwenye mizizi. Alipita katikati ya mbuzi saba na mwenye mbuzi akaruka mtaroni.

"Kumbe unajua kukimbiza!" alipiga kelele Tahir sikioni mwake.

"Hii sikuambiwa niirudishe nzima!"

Tahir alicheka karibu aanguke.

Walilikuta gari limesimama Kibweni. Linapakia. Mahamali wawili walikuwa wanarusha magunia ya nazi ndani ya behewa la mizigo, moja baada ya moja, bila kutazama yanakoangukia.

"Kuna baiskeli humo!" Ussi alilia. "Chini! Kuna baiskeli chini!"

"Iko hapa, naiona," alisema hamali, akaonyesha ya Hemedi mlangoni, wima. Akarusha gunia jingine.

Mluzi ukalia. Safari hii hawakungoja wa pili. Walijitosa ndani ya behewa la abiria pamoja na baiskeli ya Tahir, wakaangukia kapu la mwanamke mmoja mwenye fenesi. Mkata tiketi aliwasikiliza, akatikisa kichwa. Mizigo inafunguliwa mjini, si njiani.

Wakakaa. Hapakuwa na la kufanya, na Tahir, ambaye hakuwa mtu wa kukaa bila la kufanya, alitazama nje. Bahari ilikuwa upande wa kulia, kati ya minazi, inakatika na kutokea, inakatika na kutokea. Magofu ya jumba la Marahubi yalikuja yakapita kabla hajamaliza kuyahesabu madirisha. Watu wa ndani walikuwa wamekaa kama wako barazani kwao. Mwenye fenesi alikuwa anamsimulia jirani yake habari za harusi fulani, wala hakuinua macho. Upepo uliingia upande huu ukatokea upande ule. Hapo Tahir aliitazama miguu yake, imetulia juu ya ubao, na nchi inakwenda.

"Ussi," alisema. "Miguu yangu imekaa tu, na mji unakuja wenyewe."

Ussi hakutazama nje.

"Magunia kumi na saba," alisema. "Nimeyahesabu. Na kosa ni langu. Nimepakia kama chombo. Katika chombo nahodha ndiye anayesema nini kikae juu ya nini. Humu kila mtu anarusha lake. Mzigo wa chini humu ndio wa kukanyagwa."

"Si kosa lako. Nani angejua?"

"Hemedi alijua."

"Hemedi hakujua kitu. Hemedi ni mvivu."

"Basi uvivu wake umeijua treni kuliko ufundi wangu."

Alisema bila kulia na bila kucheka, kama mtu anayepima ubao na kukuta umepungua. Tahir alikuwa amewasikia watu wengi wakikosea, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza, na kila mmoja alikuwa na mtu wa kumtupia kosa lake. Hapa palikuwa na mahamali, mkata tiketi, muuza kahawa, na hata Hemedi. Ussi hakumgusa yeyote.

Mjini, karibu na Ngome, behewa likafunguliwa. Baiskeli ya Hemedi ilitoka kama ilivyoingia. Magunia yakatolewa, kumi na saba, na chini yake ikatokea ya Mzee Jabir, imefungwa pande nne, haikusogea hata kidole. Gurudumu la mbele lilikuwa limekunjika kama chapati iliyogeuzwa vibaya. Spoku mbili zilikuwa zimekatika na rangi ya usukani imebanduka.

"Hiyo sasa ya kuanikia samaki," alisema mmoja wa mahamali.

Ussi aliiinua taratibu. Tahir alizunguka, akatazama kulia na kushoto, kisha akashusha sauti.

"Nisikilize. Toa gurudumu la mbele la yangu. Zimenunuliwa siku moja, hazina tofauti. Hilo bovu litie kwangu. Nitamwambia Baba nilianguka. Atanigombeza siku moja, ya pili atasahau, mimi mwanawe. Yako inarudi nzima, mnazungumza habari ya Saleha, yamekwisha."

"Hemedi je?"

"Hemedi atasema nitakachomwambia."

Tahir alimwona Ussi anaitaka hila hiyo. Alimwona amelitazama gurudumu zima, kisha bovu, kisha zima tena.

"Tukikosana mwakani," alisema Ussi, "utanitolea gurudumu hili mbele ya watu."

"Sitalitoa."

"Najua. Lakini kila tukikaa sahani moja mimi nitakutazama usoni kuona kama leo ndiyo siku. Sitaki kuwa shemeji yako namna hiyo. Baba yako ameuliza itarudi vipi. Nitamwambia ilivyorudi."

"Atakataa!"

"Huenda."

"Si huenda. Atakataa, anatafuta pa kukatalia! Hukujua?"

"Nilijua siku ile ile," alisema Ussi. "Unadhani Bwejuu hatuna masikio?"

Walikuwa wamefikia kwa jamaa zao mtaa wa Malindi, na jahazi lao lilikuwa bado na siku mbili bandarini. Fundi mmoja wa baiskeli alilitazama gurudumu akasema ringi jipya litatoka Bombay, wangoje miezi miwili. Alikuwa na spoku mbili za kumpa, basi. Ussi alizichukua, akaazima spana ndogo na nyundo ya mbao, akakaa ukumbini.

Tahir alikuwa amepanga kwenda kuwaona wauza mazulia. Hakwenda. Alikaa siku mbili kwenye ngazi akitazama kazi, na Hemedi, aliyefika na punda na hadithi ndefu, alikuwa akimtumia kahawa na matani.

Ussi alilifungua gurudumu lote, spoku moja moja, akazipanga kwenye mkeka kwa mpangilio wake. Ringi alililaza juu ya gogo akaligonga kwa nyundo ya mbao, pigo dogo, analigeuza, pigo jingine. Hakuwa na haraka wala hasira. Alipoanza kurudisha spoku alivuta uzi kutoka upande mmoja hadi mwingine, kama wanavyofanya wakipima ubavu wa chombo, akazungusha gurudumu chini ya uzi huo. Lilipougusa, alikaza upande huu, akalegeza upande ule. Kisha akazidonoa spoku kwa ukucha, akasikiliza. Iliyolia tofauti na wenzake aliirudia.

"Umejifunza wapi kutengeneza baiskeli?" aliuliza Tahir siku ya pili.

"Sijajifunza. Nimeitazama inavyokaa. Hakuna kinachoibeba, Tahir. Spoku zote zinavutana tu, na kwa kuvutana huko gurudumu linasimama. Mtu aliyewaza hivi ningependa kumpa mkono."

Tahir alikuwa na baiskeli miaka miwili. Hakuwa amewahi kuuliza gurudumu linasimama kwa nini.

Jioni ya pili lilizunguka. Lilikuwa na mtikisiko mdogo mahali pamoja, na alama za nyundo kila mwenye macho angeziona. Ussi hakuzipaka rangi.

Walipofika Chole walikwenda moja kwa moja barazani kwa Mzee Jabir, kabla ya kubadili nguo. Shaibu, mjomba wake Ussi, alikuwa amesikia jahazi limeingia akaja kuwapokea.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Karibuni, karibuni. Habari za Unguja?"

"Nzuri. Baiskeli haikurudi nzima."

Hemedi alifumba macho. Habari za safari zilikuwa hazijaulizwa, wala za jamaa wa Malindi, wala za bei ya karafuu. Desturi ilikuwa inampa Ussi nusu saa nzima ya kujificha ndani yake, naye hakuitumia.

Mzee Jabir aliinuka. Aliinama juu ya gurudumu, akapitisha kidole kwenye alama za nyundo, akalizungusha, akauona mtikisiko.

"Nilisema nzima."

"Ulisema, Mzee. Niliipakia vibaya katika gari la moshi. Mimi mwenyewe."

"Basi."

"Basi, Mzee."

"Si basi," alisema Tahir. "Baba, ulinituma nitazame nikwambie. Nilimwambia tubadilishane magurudumu. Nilimwambia nitakudanganya nilianguka. Akakataa."

"Kwa hiyo wewe ulitaka kunidanganya."

"Ndiyo. Na usingejua. Yeye ndiye aliyeniharibia."

Mzee Jabir alifungua kinywa, lakini pazia la mlango lilikuwa limekwisha funuliwa. Biubwa, mama yake Tahir, alitoka akijitanda kanga kichwani, na kwa jinsi alivyotoka ilionekana alikuwa amesimama hapo tangu shikamoo.

"Nimesikiliza vya kutosha," alisema. "Ussi, inakwenda?"

"Inakwenda, mama."

"Sikuulizi wewe kisha nikaamini. Hemedi, panda."

Hemedi akapanda, akazunguka kisima, akarudi.

"Inakwenda. Kiti kinacheza kidogo."

"Kiti ndicho kinachocheza, au mkaaji?" Akamgeukia mumewe. "Baba Tahir, ulikuwa unataka kirudi nini, baiskeli au mtu?"

"Vyote viwili."

"Kimoja kimerudi kizima. Kichukue hicho."

"Nilitoa neno langu, Mama Tahir, mbele ya watu."

"Ulisema isiporudi nzima msizungumze. Msizungumze. Mwozeshe."

Shaibu alikohoa ili asicheke. Mzee Jabir hakucheka.

"Na nikisema la?"

"Sema la. Useme na sababu yake, ya kweli, si ya chuma. Shaibu yuko hapa, anakusikia."

Mzee Jabir alimtazama Shaibu, na Shaibu, mtu mzima mwenye mvi, akainamisha macho chini ili kumwondolea mwenzake aibu. Kama Shaibu angemtazama kwa ukali, labda Mzee Jabir angepata nguvu ya kukataa. Alirudi akakaa kitini. Akanyoosha mkono, akaidonoa spoku moja kwa ukucha, ikalia. Akadonoa ya pili, ikalia vilevile. Akaendelea mpaka akalizunguka gurudumu lote.

"Hizi umezipima kwa kitu gani?" aliuliza.

"Kwa sikio, Mzee."

"Zote?"

"Zote."

Mzee Jabir alimgeukia mkewe.

"Saleha ameulizwa?"

Biubwa aliingia ndani, pazia likatikisika, na kabla halijatulia akatoka tena.

"Ameulizwa. Naye anauliza mmechelewa nini."

"Basi tutatafuta siku, baada ya mavuno ya..."

"Siku ipi? Mahari yalikwisha tajwa katika posa, nawe hukuyapinga. Mjomba wake huyu hapa, mashahidi hawa hapa, na Mwalimu Muhidini yuko msikitini. Ukienda kulala na jambo hili utaamka na gari jingine la kumpandisha mtoto wa watu. Tahir, baba, kimbia ukamwite."

Tahir hakumtazama baba yake kuomba ruhusa. Alinyakua baiskeli iliyokuwa karibu, ile ile yenye alama za nyundo, akaondoka nayo uchochoroni. Mwalimu Muhidini alikuja kwa miguu, mikono imelowa maji ya udhu, akiuliza ni nani aliyefariki mpaka akaitwa namna ile. Alipoambiwa alicheka, akakaa kwenye mkeka, akawaweka Ussi na Mzee Jabir uso kwa uso, goti kwa goti. Akasoma hotuba fupi, kwa sababu Asri ilikuwa karibu.

Mzee Jabir aliushika mkono wa Ussi. Ulikuwa mgumu, wenye lami kwenye kucha. Aliushika kwa nguvu zaidi kuliko alivyokusudia.

"Nimekuoza binti yangu Saleha, kwa mahari tuliyopatana."

"Nimekubali kumwoa."

Biubwa aliyasikia maneno hayo akiwa jikoni, mkono umekwisha zama ndani ya mchele wa harusi.